Farasi wa Buluu na Lango la San Giovanni



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinifuata sakristia akaniuliza kama ni dhambi kumfungia ndani ndugu yako mgonjwa wa akili, ikiwa hujui njia nyingine ya kuishi naye. Nilimjibu kwa maneno machache, nikamwahidi kufika nyumbani kwake. Aliondoka kwa adabu, lakini niliona dhahiri kwamba jibu langu halikumtosha. Halikunitosha hata mimi. Tangu siku ile nimekuwa nikiukumbuka mlima mdogo ulioko mbali sana na hapa, katika mji wa Trieste, kaskazini-mashariki ya Italia, ambako swali la mama huyu liliwahi kuuliziwa mji mzima, na hatimaye taifa zima. Naomba mniruhusu katika ukurasa wa juma hili niwasimulie habari za mahali hapo. Ni hadithi ndefu kidogo, na haina majibu mepesi.

Mara ya kwanza nilifika Trieste nikiwa mwanafunzi Roma. Padre mwenzangu mwenyeji alinialika nipumzike kwake siku chache, na alasiri moja akaniambia, "Twende tukatembee San Giovanni." Nilidhani ananipeleka kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane. Kumbe San Giovanni ni jina la kitongoji kilicho ubavuni mwa mlima, na kwa wazee wa Trieste jina hilo lilikuwa na maana moja tu. Mtoto mtundu aliambiwa ataishia San Giovanni. Mke aliyegombana sana na mumewe alitishiwa San Giovanni. Kwetu Tanzania mtu hutaniwa kwamba apelekwe Mirembe, na ndugu zetu wa Kenya husema Mathari. Basi ni vivyo hivyo. Kila nchi ina jina moja la mahali ambalo watu hulitamka huku wakicheka, ili wasiogope.

Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1908, wakati Trieste ikiwa bado bandari kuu ya Dola ya Austria na Hungaria. Aliyeichora ni msanifu majengo Ludovico Braidotti, na kwa wakati wake ilihesabiwa kuwa kazi ya kisasa kabisa. Halikuwa jengo moja kubwa kama gereza. Ilikuwa kama mji mdogo wenye barabara ya kati inayopanda mlima na majengo ya kupendeza huku na huku, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Kulikuwa na kanisa, ukumbi wa maigizo, jiko kuu, dobi, tanuri la mikate na karakana. Miti ilipandwa kwa ustadi. Mgeni akipita nje ya ukuta angeweza kudhani ni chuo au makazi ya matajiri.

Lakini majengo yale yaligawanywa kwa namna iliyoonyesha jinsi watu walivyotazamwa. Palikuwa na jengo la watulivu, la wenye fujo, la wenye fujo kiasi, la waliopooza, na moja lililoitwa kwa neno lenye maana ya "wachafu". Mtu aliingia akiwa seremala, mama wa watoto, mwalimu au baharia. Alinyolewa nywele, akavuliwa nguo zake na pete yake ya ndoa, akavikwa sare, naye kuanzia hapo akawa ni mwenye fujo, au mtulivu, au mchafu.

Sheria iliyoongoza mambo hayo ilitungwa mwaka 1904. Ilisema kwamba anayepaswa kufungiwa ni mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, au anayeleta aibu hadharani. Tafadhali, msomaji mpenzi, lisome tena hilo neno la mwisho: aibu. Ni neno pana mno. Maskini asiye na ndugu, binti aliyezaa nje ya ndoa, mzee anayepiga kelele usiku, wote waliweza kuenea ndani yake. Na aliyewekwa kwa amri ya mahakama aliandikwa jina lake katika daftari la serikali lilelile lenye majina ya waliohukumiwa kwa makosa ya jinai. Haikuwa mpaka mwaka 1968 ndipo sheria nyingine ilipofuta aibu hiyo ya daftari na kumruhusu mgonjwa kuingia hospitalini kwa hiari yake.

Nisifiche jambo ambalo linatuhusu. Katika hospitali nyingi za namna hii nchini Italia masista walihudumu kwa miaka mingi. Walipika, walifua, walishika funguo. Wengi wao walikuwa watu wema waliokesha na wagonjwa ambao hakuna ndugu aliyekuja kuwaona. Lakini funguo walizishika. Sitaki kuwahukumu, maana najua fika kwamba mtu mwema anaweza kuzoea mlango uliofungwa kiasi kwamba haoni tena kuwa ni mlango. Nitarudi kwenye hilo kabla sijamaliza.

Mtu aliyebadilisha mambo aliitwa Franco Basaglia. Alizaliwa Venezia mwaka 1924. Wakati wa vita, akiwa mwanafunzi, alijiunga na vijana waliopinga ufashisti, akakamatwa, akafungwa gerezani kwa miezi kadhaa hadi vita vilipokwisha. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili, akafundisha Chuo Kikuu cha Padova kwa miaka mingi, msomi mpenda falsafa. Mwaka 1961 alipewa kuongoza hospitali ya Gorizia, mji mdogo ulio mpakani kabisa. Mpaka wa Italia na Yugoslavia ulipita kando ya ukuta wa hospitali yenyewe. Alisimulia mwenyewe kwamba alipoingia mara ya kwanza alisikia harufu ileile aliyoisikia siku alipotiwa gerezani, na kwamba hapo ndipo alipotambua mahali alipo.

Siku ya kwanza, mkuu wa wauguzi alimletea daftari lenye orodha ya wagonjwa waliofungwa vitandani usiku, ili atie saini kama walivyofanya wakurugenzi wote waliomtangulia. Alikataa. Mambo makubwa yaliyofuata yalianzia kwenye saini hiyo ambayo haikuandikwa. Wagonjwa walirudishiwa nguo zao. Waliwekewa makabati madogo kando ya vitanda, na vioo, na vitana, vitu ambavyo sisi tunaviona si kitu. Milango ya wodi ilifunguliwa mmoja baada ya mwingine. Kila asubuhi kulifanyika mkutano ambapo wagonjwa, wauguzi na madaktari walikaa pamoja, na yeyote aliweza kusimama akasema. Mikutano mingine ilikuwa ya vurugu tupu. Mingine ilikaa kimya muda mrefu.

Mwandishi wa habari Sergio Zavoli alikwenda Gorizia mwaka 1968 akatengeneza filamu kwa ajili ya televisheni ya taifa, akaiita "Bustani za Abeli". Alimwuliza Basaglia kama anavutiwa zaidi na ugonjwa au na mgonjwa, naye akajibu bila kusita kwamba ni mgonjwa. Waitaliano wengi waliona kwa mara ya kwanza nyuso zilizokuwa nyuma ya kuta zile. Mimi jina la filamu ndilo lililonigusa zaidi. Tunalijua swali la Mungu kwa Kaini, na tunalijua jibu lake.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1968 lilitokea jambo zito. Mgonjwa mmoja wa Gorizia aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kwa siku moja alimwua mke wake. Basaglia alishtakiwa, na mwisho mahakama haikumtia hatiani, lakini wale waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba milango ile haipaswi kufunguliwa walipata hoja yao. Wapo wanaosimulia historia hii kana kwamba ni ushindi mtupu. Hao huliruka tukio hili. Mimi siwezi kuliruka, kwa sababu mama yule wa sakristia hakuniuliza kwa ukatili. Aliniuliza kwa hofu, na hofu yake ina sababu.

Basaglia alifika Trieste mwaka 1971. Na hapa kuna jambo ambalo Wakatoliki wachache hulikumbuka. Yeye binafsi alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, rafiki wa fikra za Sartre, msomaji wa Frantz Fanon, yule daktari wa Martinique aliyejiuzulu katika hospitali ya akili ya Blida, Algeria, mwaka 1956 kwa sababu hakuweza tena kuwatibu wazawa wa nchi iliyokuwa ikiwakandamiza. Lakini aliyemwalika Trieste alikuwa Michele Zanetti, kijana wa chama cha Demokrasia ya Kikristo, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya mkoa, yenye dhamana juu ya hospitali. Watu wa chama chake mwenyewe hawakufurahi wote. Zanetti alimpa daktari uhuru wa kufanya kazi, na akausimamia uhuru huo hata palipokuwa na lawama.

Wakati huo ndani ya San Giovanni kulikuwa na wagonjwa karibu 1,200, na zaidi ya 800 kati yao walikuwa wamewekwa kwa lazima. Basaglia alikuja na vijana, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wametoka masomoni. Walianza kwa kuzima mashine za kupitisha umeme kichwani na kuyaondoa makoti ya kufungia mikono. Wakafungua milango ya ndani, kisha ya nje. Wagonjwa waliokuwa wakifagia na kufua kwa miaka mingi bila mshahara, wakilipwa sigara kadhaa na kuambiwa kwamba hiyo ni tiba, waliunda ushirika mwaka 1972, wakafanya kazi ileile ya kufagia na kupika, lakini sasa kwa ujira halali na kwa mkataba. Padre mwenyeji wangu aliniambia kwamba hilo ndilo lililowashangaza watu wa mjini kuliko yote: wazimu wenye mshahara!

Sasa nije kwenye farasi.

Tangu mwaka 1959 kulikuwa na farasi aliyeitwa Marco, aliyevuta mkokoteni wa nguo chafu ndani ya hospitali. Katika maisha yale yasiyobadilika yeye alikuwa miongoni mwa viumbe wachache walioingia na kutoka popote. Mwaka 1972 iliamuliwa kwamba amezeeka, auzwe achinjwe, na mahali pake liletwe gari. Wagonjwa waliandika barua kwa serikali ya mkoa. Waliiandika kana kwamba farasi mwenyewe ndiye anayesema, akieleza miaka yake ya utumishi na kuomba apewe haki ya kustaafu kama mtumishi mwingine yeyote. Barua ilikubaliwa. Marco hakuchinjwa.

Napenda kuwaza juu ya barua hiyo. Watu ambao kisheria hawakuweza kujiombea lolote waliona njia ya kumwombea mnyama, na walipomwombea wakasikilizwa.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1973, mtunzi wa michezo ya kuigiza Giuliano Scabia na mchongaji Vittorio Basaglia, binamu wa mkurugenzi, walifungua karakana katika jengo moja lililokuwa limeachwa wazi. Wagonjwa, wauguzi na wasanii walikubaliana kujenga farasi mkubwa wa mbao na karatasi iliyogandishwa kwa gundi, mwenye urefu wa kama mita 4, juu ya magurudumu. Wakampa jina la Marco Cavallo, yaani Marco Farasi. Rangi ikachaguliwa: buluu. Tumboni mwake wagonjwa walitaka yawekwe matamanio yao. Mmoja alitaka nyumba, mwingine saa ya mkononi. Mwingine alitaka kurudi kwao.

Jumapili ya mwisho ya Februari 1973 walipotaka kumtoa, farasi hakupita mlangoni. Alikuwa mkubwa mno. Wanaosimulia husema kwamba kwa muda watu walisimama bila kujua la kufanya, na wagonjwa wengine wakaanza kukata tamaa, kwa kuwa walikuwa wamezoea kwamba mwisho wa kila jambo ni mlango. Ndipo watu, Basaglia akiwa miongoni mwao, wakachukua benchi la chuma wakabomoa njia. Farasi akatoka. Mamia ya watu, wagonjwa kwa wauguzi, wakateremka naye mlimani, wakapita mitaa ya Trieste hadi mtaa wa San Vito. Wenyeji walichungulia madirishani. Wengine walipiga makofi. Wengine walifunga madirisha.

Katika siku zilezile kulikuwa na wauguzi waliolalamika kwamba sherehe inaficha ukweli: kwamba ndani ya majengo bado kuna umaskini, mishahara midogo na kazi nzito, na kwamba farasi mzuri hawezi kulisha mtu. Hawakukosea. Kumbukumbu za mji hupenda kumbakiza farasi na kuwasahau wauguzi hao.

Mwenyeji wangu alinitambulisha kwa mzee mmoja aliyezaliwa kitongojini hapo. Tulikaa naye katika kimgahawa kilicho ndani ya uwanja wa hospitali, kinachoitwa Mahali pa Stroberi, ambacho kiliendeshwa na ushirika. Alinisimulia kwa Kiitaliano chenye lafudhi ya Kislovenia, maana Trieste ni mji wa lugha nyingi. Alisema kwamba milango ilipofunguliwa mama yake aliweka komeo jipya. Watu walivaa makoti yasiyowaenea, waliomba sigara, walikaa kwenye ngazi za kanisa. Mwaka 1972 mgonjwa mmoja aliyeruhusiwa aliwaua wazazi wake, na Basaglia akashtakiwa tena, akaachiliwa tena. "Tulikasirika sana, Padre," alisema mzee. Kisha akaeleza kwamba jirani yao mmoja, ambaye familia ilikuwa ikisema amehamia nchi za ng'ambo, alionekana siku moja akipanda kilima na mfuko wa mikate. Alikuwa ameishi umbali wa mita mia chache kutoka nyumbani kwao kwa miaka ishirini na zaidi. Watoto wa nyumba ile hawakujua kwamba wana baba mdogo.

Mzee alinyamaza hapo, akakoroga kahawa yake, nami sikumwuliza zaidi.

Mwaka 1975 kundi la wagonjwa lilipandishwa ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao, na filamu ndogo ikatengenezwa. Mwaka huohuo vituo vya afya ya akili vilianza kufunguliwa nje ya hospitali, karibu na makazi ya watu. Vituo hivyo viliendelea kuongezeka hadi kufanya kazi saa 24, kila kimoja kikiwa na vitanda vichache na mlango usiofungwa kwa ufunguo. Januari 1977 Basaglia alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba San Giovanni itafungwa. Waliokuwa hawana pa kwenda hawakutupwa nje; baadhi waliendelea kukaa katika nyumba za uwanja uleule wakiwa wageni, si wafungwa, wakishika funguo zao wenyewe.

Sheria ya taifa ilikuja katika mwezi wa giza. Tarehe 9 Mei 1978 mwili wa Aldo Moro, kiongozi wa Demokrasia ya Kikristo aliyetekwa na Brigedi Nyekundu, ulikutwa ndani ya gari katikati ya Roma. Siku nne baadaye, tarehe 13 Mei, ilipitishwa Sheria namba 180. Ilipita kwa haraka kwa sababu kura ya maoni ya kuifuta sheria ya 1904 ilikuwa inakaribia, nayo bunge liliogopa kubaki bila sheria yoyote. Mwandaaji wake bungeni alikuwa Bruno Orsini, mbunge Mkatoliki na daktari wa akili, na waziri wa afya alikuwa Tina Anselmi, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini Italia, ambaye akiwa msichana aliwahi kuwa mpiganaji dhidi ya ufashisti. Watu huiita sheria ya Basaglia, lakini Basaglia mwenyewe hakuiandika na aliiona kuwa na mapungufu. Ilikataza kumpokea mgonjwa mpya katika hospitali za kufungia. Matibabu ya lazima yakawa ya siku saba, yanayoweza kuongezwa, kwa amri ya meya baada ya maoni ya madaktari, na hakimu ajulishwe. Na wodi zitakazowapokea wagonjwa hao zisizidi vitanda 15 ndani ya hospitali za kawaida.

Wakati huo Italia ilikuwa na zaidi ya watu 70,000 katika hospitali za namna ile. San Giovanni ilifungwa rasmi mwaka 1980. Mwaka uleule, tarehe 29 Agosti, Basaglia alifariki Venezia, akiwa na umri wa miaka 56. Mkewe, Franca Ongaro, aliyeandika pamoja naye vitabu vyake vikubwa, aliingia baraza la Seneti akaendelea kudai sheria itekelezwe.

Maana haikutekelezwa kwa usawa. Palipokuwa na vituo, madaktari na nyumba, kama Trieste, watu walirudi kuishi. Katika mikoa mingine milango ilifunguliwa na nje hapakuwa na kitu, au hospitali kuu zikabaki na wagonjwa wake hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Hospitali za mahabusu wa akili zilikomeshwa kisheria mwaka 2015 tu. Katikati ya hayo yote mzigo uliwaangukia akina mama. Nimesoma malalamiko yao, nao walikuwa wakiuliza: mmebomoa ukuta, sasa ni nani atakayekesha nami? Sioni kwamba swali hilo linapingana na Basaglia. Naliona kuwa nusu ya pili ya kazi yake, ile ngumu zaidi, isiyo na farasi wala maandamano. Hata Trieste kwenyewe, ambako Shirika la Afya Duniani limekuwa likipeleka watu kujifunza, kulizuka mabishano makali mwaka 2021 juu ya uteuzi wa mkuu wa kituo kimoja na hofu kwamba huduma zitapunguzwa.

Nilirudi huko miaka michache iliyopita. Barabara ile ya kati bado inapanda mlima. Baadhi ya majengo ni idara za chuo kikuu, mengine ni ofisi za afya, na wanafunzi hupita na mikoba yao bila kutazama juu. Katika miteremko imepandwa bustani ya mawaridi yenye aina karibu 5,000. Katika ukuta mmoja bado yapo maneno yaliyopakwa rangi miaka ile, yasemayo kwamba uhuru huponya. Rangi imefifia. Nilimwona mwanamume wa makamo ameketi chini ya maandishi hayo akila chungwa, na sikuweza kujua kama ni profesa, mgonjwa au mtunza bustani. Nilitambua kwamba hata kutaka kujua ni tabia ya zamani.

Nimesema nitarudi kwenye mlango.

Nilipokuwa padre kijana, katika parokia nyingine iliyo mbali na hapa, nilikuwa nikimpelekea Komunyo mama mmoja mgonjwa wa miguu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na chumba kidogo, na mara nyingi wakati wa sala nilisikia mtu akigonga kutoka ndani. Kulikuwa na komeo, na lilikuwa upande wa nje. Mama yule aliongeza sauti ya sala, nami niliongeza ya kwangu. Sikuuliza kamwe. Nilijiambia kwamba ni mambo ya familia, kwamba nikiuliza nitamwaibisha mgonjwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kwamba nikiuliza nitapaswa kufanya jambo, na sikujua ni jambo gani.

Nilipotoka Trieste mara ya kwanza, niliporudi nchini, nilisafiri hadi kijijini pale. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake alinipokea, akanikaribisha chai. Nilimwuliza habari za aliyekuwa chumbani. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Ni kaka yangu, Padre. Yupo shambani." Akanieleza kwamba baada ya mazishi walimpeleka hospitali ya wilaya, akapewa dawa, na kila mwezi huenda naye kuzichukua. Kuna miezi ambayo dawa hazipo, na miezi hiyo ni migumu. Chumba kile sasa ni stoo ya mahindi.

Jumatano hii, saa kumi jioni, nitakwenda nyumbani kwa mama aliyenifuata sakristia. Sista wa zahanati amekubali kufuatana nami, na mganga msaidizi wa hospitali ya wilaya ameniambia siku ambazo dawa hutolewa. Kama yupo mwingine katika jumuiya zetu ndogo ndogo mwenye mgonjwa nyumbani, anione ofisini au anitumie ujumbe. Hahitaji kueleza mengi.